Ufunguo wa Kisima

Huku Newala, juu ya mlima,
maji hatuyachoti tukitaka, tunayangoja.
Bati huyakinga, mfereji huyaongoza,
kisima cha saruji huyameza uani,
nasi tunakipiga kufuli
kama mtu anayefungia dhahabu.

Mwaka ule mvua ilitusahau.
Korosho tulishauza, hela zikaingia kwa mafungu,
sare za kwaya zilishonwa,
majogoo wawili walifungwa mguu kwa mguu jikoni.
Nikashusha kamba yenye mafundo, nikapima:
maji ya goti.
Nikapiga hesabu. Wageni kumi na mmoja kutoka Masasi.
Chai. Pilau. Vyombo.
Na kanzu sita za watoto wa altareni,
maana zamu ya kufua ilikuwa yangu,
na mimi, Theofrida, zamu yangu siikosi.

Saa kumi jioni, siku ya mkesha,
Somoye wa nyumba ya tatu akabisha hodi na ndoo ya buluu.
"Binti yangu kashikwa uchungu.
Gari la zahanati halijarudi. Nisaidie maji, jirani."

Nikamwambia, "Yamekwisha.
Hata sisi tunabahatisha."

Nilisema hivyo rozari ikiwa shingoni.

Hakubisha. Alisema, "Haya, Mungu atatoa,"
akaondoka na ndoo yake mkononi.
Ndoo tupu haihitaji ngata.

Usiku kanisani palijaa hadi barazani.
Mishumaa, mafuta ya nazi, viatu vipya vinavyobana.
Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kitenge,
na nilipopiga magoti
ukanichoma mfupa wa nyonga.
Nikasogea. Ukanifuata.
Padri akasoma habari za wale waliokosa nafasi.
Nimeisikia tangu nikiwa mgongoni kwa mama,
na miaka yote hiyo
nilijihesabu pamoja na wachungaji.

Kwaya iliposimama kuimba Utukufu
nikapita katikati ya sauti ya pili, nikatoka.
Damasi wa besi alinitazama, akadhani ni tumbo.

Kufuli lilikuwa na kutu. Lilinikatalia mara mbili.
Ndoo ya kwanza niliimwaga nusu njiani kwa kukimbia.
Ya pili nilitembea.
Ya tatu, ya nne, sikumbuki.

Somoye hakuuliza yametoka wapi.
Angeniuliza ningepona.
Alisema tu, "Weka hapo. Shika taa."
Nikaishika taa.
Nikaishika hadi mkono ukafa ganzi,
mkunga akinung'unika, binti akimtukana mumewe aliye Mtwara mjini,
kisha ikaja sauti ndogo, kali, ya mtu aliyekasirishwa na baridi.
Msichana.
Nikakaa uani na sare yangu mpya,
nikazifua kanga za uzazi hadi povu likaacha kuwa jekundu,
na jogoo wa nani sijui
akawika kabla ya wakati.

Asubuhi watoto wa altareni walitumikia na pindo za vumbi.
Padri akaniuliza. Nikamjibu,
"Maji yalikuwa na kazi nyingine, Baba."
Wageni walinawa katika beseni moja,
mkubwa akianza, mdogo akimalizia na tope.
Mume wangu alinuna hadi pilau lilipoiva.

Mvua ilinyesha tarehe nne Januari,
kwenye bati letu na kwenye nyasi za Somoye,
bila kuchagua.

Kufuli bado nafunga, sitadanganya tena.
Ila ufunguo wa pili uko kwake,
umening'inia msumarini kwa uzi wa kitenge.
Na lile neno, *yamekwisha*, sijamwomba radhi.
Kila nikikohoa nianze kusema,
Somoye ananipakata mtoto:
"Hebu nishikie, Mama. Mie naenda kuchota."